Ganda Lililogoma Kutoka

Mkunya, Ijumaa, kipupwe kimekaza

Ukungu leo ulichelewa kuondoka. Ulipanda kutoka bonde la Ruvuma tangu alfajiri, ukakaa juu ya mikorosho kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Sasa hivi alasiri inakaribia na bado kuna weupe mwembamba kule chini, njia ya Kitangari. Naandika nikiwa barazani. Nimekoga, nimeswali, nimevaa kanzu safi, na hata hivyo mikono yangu inanuka mafuta ya taa.

Bunduki imeegemea ukuta, tupu, mlango wake wa pembeni uko wazi kama mtu aliyesinzia kinywa wazi.

Nina furaha leo, ile ya chinichini ambayo mtu haitangazi. Nina aibu kidogo pia. Nitaandika vyote viwili, maana nikija kuusoma ukurasa huu uzeeni nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa hodari.

Bunduki hii ni ya marisau, ile ya kuvuta. Risasi zake zinapangwa tumboni, chini ya mtutu. Ukishapiga, unavuta kwako kile kipande cha mbao kilicho chini ya mtutu, na ganda tupu linarushwa nje upande wa kulia. Ukisukuma mbele, risasi nyingine inapanda kulala mahali pake. Vuta, sukuma. Aliniachia Bwana Mpima, yule Mzungu niliyemfanyia unyapara tulipokuwa tukikata barabara ya kutoka Masasi kupanda huku juu. Boma wakanipa kibali ili nilinde mashamba. Wenzangu hapa wana magobore, ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Ya kuvuta ni hii moja tu, na tangu ije nimekuwa mtu wa kuitwa kila nguruwe wanapoingia kwenye muhogo.

Nguruwe hatuwali sisi. Wenzetu wa misheni huja kuwachukua, nasi hubaki na mihogo yetu. Kila mtu anarudi kwake ameridhika.

Mwezi huu ulipoandama tulifanya msako. Nyavu zilitandazwa ukingoni mwa pori, wapiga madebe wakaja kutoka upande wa bonde, wenye mikuki wakajipanga nyuma ya nyavu. Mimi niliwekwa penye mwanya, mahali nyavu hazifiki, maana hapo ndipo dume hupenda kupita. Kuliani kwangu alisimama shemeji yangu Bakari, kaka wa mke wangu, na mkuki wake.

Dume lilitoka. Nikapiga, likayumba, halikuanguka. Nikavuta ile mbao.

Ikaja nusu, ikagoma.

Sina maneno ya kueleza kimya kile. Madebe yalikuwa yanalia, watu wanapiga kelele, lakini mimi nakumbuka kimya tu, mbao imeshikwa mkononi kama imeota mizizi, na ganda tupu limeng'ang'ania ndani ya mtutu. Dume lilipita kuliani kwangu. Bakari alichanwa paja, mchano mrefu, kabla wenye mikuki hawajalimaliza. Tulimbeba kwa machela mpaka zahanati ya Newala, na njia nzima hakunung'unika. Aliangalia mawingu tu.

Bakari ndiye mjomba wa watoto wangu. Kwetu mjomba si mtu wa kuja kula sikukuu na kuondoka. Watoto ni wake kuliko wangu. Binti yangu Zuhura akiposwa, yeye ndiye atakayekaa mbele na mimi nitakaa pembeni nikitikisa kichwa. Na mimi nimemwacha mtu huyo mbele ya meno ya nguruwe.

Nilipokwenda kumjulia hali alinikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda, akaniuliza habari za shamba. Nilipoinuka kuaga ndipo akasema, bila kunitazama:

"Shemeji, mimi nilikuwa naingojea ya pili."

Basi. Tangu siku hiyo akipita njiani ananisalimu kama kawaida, lakini haingii uani kwangu.

Neno lile limekaa kifuani mwangu kama kokwa. Kila nikivuta pumzi naligusa.

Sasa nguruwe wamerudi, na safari hii wamo kwenye muhogo wake yeye Bakari, kwa sababu mguu haujamruhusu kulala shambani. Msako mwingine ni kesho. Juzi nilisikia kwa watu kwamba Bakari atatoka na mkuki wake, mguu mzima au mguu mbovu, ila hatasimama kwangu. Atasimama mwisho kabisa wa nyavu, kwa Mzee Nampoto mwenye gobore. Pale ni mteremko na mawe. Mtu wa miguu miwili mizuri hukimbia kwa shida pale.

Mzee Nampoto naye kila nikikutana naye hanipumzishi. Anaipokea shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, kisha anasema gobore lake halijawahi kugoma kutoa ganda tangu azaliwe babake, kwa kuwa halina ganda. Watu wanacheka. Mimi pia nacheka, maana ni kweli.

Kwa hiyo nilipanda lori nikaenda Masasi kwa fundi, mtu anayetengeneza baiskeli, cherehani na bunduki chini ya paa moja. Akaifungua, akanionyesha mahali pa kosa panapowezekana. Ndani kuna kucha ndogo ya chuma inayoshika ukingo wa ganda na kulivuta nje. Kucha ikiwa butu, au uchafu ukijaa chini yake, inateleza na kuliacha ganda. Akaisugua kwa tupa kidogo, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa ndani ya mtutu, kikatoka cheusi. Akachukua risasi dukani, tukaenda nyuma kwenye kichuguu, akapiga, akavuta. Ganda likaruka kama panzi. Akanipa nami. Likaruka, ingawa si mbali.

Fundi alinitazama mkono, akatabasamu. "Baba, unaivuta kama unafungua mlango wa mkweo."

Nikaona haya, kwa sababu Bwana Mpima aliniambia hilohilo kwa maneno yake. Usiivute kwa huruma, alisema, ukivuta nusunusu nayo itatoa nusunusu. Na kweli mimi huvuta kwa huruma. Sijawahi kumwambia mtu, lakini kila nikipiga mnyama kuna kitu ndani yangu kinarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani.

Nilirudi na risasi mpya chache mfukoni mwa koti, na moyo mwepesi.

Lakini moyo wangu haukai mwepesi siku nyingi. Nilianza kuwaza kwamba huenda kosa si la kucha wala la mkono. Huenda Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyelishika lile ganda, ananiambia niirudishe bunduki boma, niachane na damu. Jana usiku nikaswali istikhara, nikamwomba anionyeshe, nikalala.

Nikaota nimekaa shambani, masika yamekwisha, bunduki imesimamishwa ardhini kama mti wa uzio. Kwenye mdomo wa mtutu limechipua hindi, majani mawili ya kijani kibichi, yana umande. Nikawa naogopa kuligusa. Katika ndoto ile hapakuwa na sauti yoyote, ila harufu, harufu ya nyumbani niliyoijua na kushindwa kuitaja. Nikaamka adhana ya alfajiri inaadhiniwa, machozi yapo.

Nikasema, basi, jibu ndilo hilo. Niache bunduki nilime mahindi.

Lakini nikiiacha leo, kesho nani atasimama penye mwanya?

Hapo ndipo nilipokwama mimi mwenyewe, kuliko ganda lolote. Baada ya swala nikachukua bunduki nikaenda nyuma ya shamba, kwenye gogo la mkorosho uliokufa, mahali nyuma yake ni udongo mtupu. Majirani nilikwishawaambia wasishtuke. Ukungu ulikuwa mzito hata gogo lenyewe nililiona kama mzee aliyejifunika shuka. Nikaweka risasi nilizochukua nyumbani. Nikapiga, nikavuta. Ganda likatoka, kivivu, likaanguka karibu na mguu wangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikapiga ya pili. Nikavuta.

Nusu. Ikagoma.

Nilikaa chini kwenye umande na kanzu ya kulalia. Masasi ilitii, Mkunya imegoma. Nikawaza mambo ya kitoto, kwamba bunduki hii ni ya watu wa bondeni, haipendi uwanda wetu wa juu, haipendi ukungu. Kisha nikaona nikikaa hapo nitagandamana na umande. Nikatoa risasi zilizobaki tumboni, nikaziweka kando, nikaingiza ufito wa mwanzi kwa mdomo wa mtutu nikawa nagonga taratibu kulisukuma lile ganda lirudi nyuma.

Ndipo mke wangu, Mama Zuhura, akatokea kwenye ukungu, ndoo kichwani, anatoka bondeni kuteka maji. Huondoka kabla ya jogoo na hurudi jua likiwa limetoka. Nilimwona kwanza ndoo, halafu uso. Alinikuta nimepiga magoti, nagonga bunduki kama mtu anayetwanga, na nadhani alitaka kucheka, lakini aliona uso wangu.

Akatua ndoo. Ganda likadondoka wakati huohuo, akaliokota yeye. Karatasi ngumu iliyolitengeneza ilikuwa imevimba, imechanika ukingoni pale kucha ilipoparuza. Akaligeuza, akapaka kidole juu yake, kidole kikatoka na kitu cha kahawia, chenye kunata. Akanusa.

"Hili linanuka mbegu zangu," alisema.

Nikamwambia ni baruti hiyo.

"Baruti naijua. Ndani linanuka baruti. Nje linanuka mbegu zangu." Akanitazama. "Baba Zuhura. Risasi unaziweka wapi?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye paa la jiko, nayo yakanichongea.

Bwana Mpima alinionya, risasi hizi vifuko vyake ni vya karatasi, zisipate unyevu hata kidogo. Na mtu wa huku juu atakwepaje unyevu, kipupwe ukungu unaingia hata chini ya mto wa kulalia? Nikafikiri vizuri, kwa akili ya kwetu. Ni kitu gani tunakitunza miezi mingi kikiwa kikavu, hakioti ukungu, wadudu hawakigusi, na siku yake ikifika kinaamka kikiwa na nguvu zote? Mbegu. Na mbegu tunaziweka wapi? Darini, juu ya mafiga, moshi wa kila siku uzifukize. Mahindi yananing'inia pale kwa maganda yake, na kunde, na mbegu za maboga. Nikaufunga mfuko wa risasi katikati ya mashuke ya mahindi, nikashuka nikiwa nimejipongeza.

"Miezi yote hii," alisema Mama Zuhura, polepole, "mimi nasonga ugali chini ya baruti."

Nikamweleza kwamba ziko juu sana, na zimo kwenye mfuko wa kitambaa, nimeufunga vizuri.

"Kwenye mfuko," alisema. "Basi tungekufa kwa utaratibu."

Na hapo akaanza kucheka, akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa juu ya gogo. Mimi nilicheka baadaye kidogo, nilipokuwa nimekwisha kuogopa. Kisha nikakumbuka hindi la ndotoni, na ile harufu.

Sikumweleza. Mambo mengine ukiyasema yanapungua.

Sababu basi ndiyo hiyo, haina siri. Ule utomvu wa moshi umezipaka risasi miezi yote. Nikipiga, moto wa ndani unauyeyusha, karatasi inavimba inagandana na mtutu. Kucha inavuta, ganda limekumbatia chuma. Risasi ya kwanza huweza kutoka, lakini huacha utomvu wake nyuma, na ya pili hukuta kitanda kimeshapakwa gundi; siku ile ya msako gundi ya misako iliyopita ilikuwa bado imo. Kwa fundi ilitii kwa sababu alisafisha mtutu, na risasi zake zilikuwa za dukani, hazijawahi kuona moshi wa mtu.

Mama Zuhura alinipa maji. Naliandika hili peke yake kwa sababu asiyekaa huku juu hataona uzito wake. Maji aliyoyabeba kichwani kupanda zile ngazi za udongo za kutoka bondeni, kabla hajaonja hata yeye, aliyachemsha nusu ya ndoo akasema nioshe bunduki. Nikasema mafuta ya taa yanatosha. Akasema hayatoshi, masizi ya sufuria hayatoki kwa mafuta matupu, yanataka moto na sabuni. Tukaanza na mafuta ya taa kwenye kitambaa kilichofungwa ufitoni, tukalainisha pale mtutu unapoanzia, chumba risasi inapolala. Kisha maji ya moto na sabuni. Yalitoka kama chai ya rangi. Tukarudia mpaka yakatoka maji safi. Tukakausha kwa kitambaa kikavu, tukaipitisha karibu na moto ili pasibaki unyevu, nikapaka mafuta ya mashine kiasi cha tone juu ya kucha tu. Chumbani humo sikuacha hata tone.

Nikatoa risasi mpya mfukoni mwa koti. Tukarudi kwenye gogo. Ukungu ulikuwa unapasuka, jua linaingia vipandevipande.

Nikapiga. Na safari hii, sijui ni aibu au ni furaha, sikuvuta kama kwa mkwe. Nilivuta kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Ganda likaruka, likazunguka katika ile nuru, likaanguka mbali kwenye majani makavu kwa sauti ndogo, ta. Nikapiga tena, nikavuta. Ta. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo nje ya msikiti.

Tulipogeuka Bakari alikuwa amesimama kwenye uzio, ameegemea fimbo. Alisikia milio. Mama Zuhura akamsimulia kila kitu, na habari ya baruti juu ya ugali aliisimulia mara mbili. Bakari hakucheka. Aliniambia nipige tena. Nikapiga, nikavuta, likaruka. Akachechemea mpaka lilipoangukia, akainama kwa taabu, akaliokota. Akalinusa kama dadake alivyolinusa. Akalitia mfukoni, akaaga, akaondoka.

Sikujua ameamua nini. Sikuthubutu kumwuliza.

Nilikwenda msikitini mapema na mashaka yangu. Safu zikajaa. Mzee Nampoto alikuwa mwisho wa safu ya kwanza, na kando yake palikuwa na nafasi. Bakari akaingia kwa kuchelewa, nikasikia fimbo yake ikiwekwa ukutani. Nikatazama mbele kama inavyopasa. Nikamsikia anapita nyuma yangu, hatua nzito, hatua nyepesi. Nikasema moyoni anakwenda kwenye ile nafasi.

Akasimama. Mtu wa kuliani kwangu akasogea kidogo, na bega la Bakari likagusa bega langu.

Tuliposujudu mguu ulimkataa kuinuka. Akaweka mkono begani kwangu, akaegemea kwa uzito wake wote, akasimama. Rakaa ya pili vilevile. Mungu anisamehe, sijui niliswali namna gani. Najua tu kwamba nilijikaza nisiyumbe.

Nje, tukivaa viatu, alisema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Kesho nitasimama hapahapa. Kulia kwako. Nataka nilisikie likianguka."

Nikamwambia atalisikia.

"Nisipolisikia nakimbia, shemeji. Na huu mguu unavyojua kukimbia, utaniona kichekesho."

Ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, na Mzee Nampoto akauliza tunacheka nini siku ya Ijumaa.

Sasa mfuko wa zamani umeshashushwa. Zile risasi za moshi sitazigusa kesho, nitazipeleka boma waniambie la kufanya nazo. Mpya zimo kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko kinachobana, na kiganja cha mchele mkavu ndani wa kunyonya unyevu, chini ya kitanda. Mahali alichagua Mama Zuhura, mimi nilibeba tu. Mbegu zimebaki darini peke yao.

Najiuliza bado kama niliota jibu au niliota jiko langu. Nilimwomba Mungu anionyeshe, nami nikangoja kitu kikubwa, kumbe alikuwa amekwisha kulipitisha jibu puani mwangu usingizini, nikaamka nikalitafsiri vibaya. Au sivyo? Huenda ni vyote viwili. Sina elimu ya kuamua, na leo sina haja nayo.

Jua limeingia barazani, limefika kwenye kitako cha bunduki. Ndani nasikia ugali unasongwa.

Kesho, ukungu ukishaondoka, nitavuta kwa nguvu.